LATA WA TAIF NA MAJIRANI ZAKE
Somo kwa wanaouliza juu ya majina matatu ya Suratun-Najm

 

Ndugu msomaji, watoto wa madrasa wanapofika Suratun-Najm, sura ya 53, wanasoma aya ya 19 na ya 20 kwa sauti nzuri. Wanayataja majina matatu, Lata, Uzza na Manata, kisha wanaendelea mbele. Ukimuuliza mmoja wao hao walikuwa nani, atakujibu: masanamu ya Makka. Jibu hilo halitoshi, tena si sahihi. Sanamu kubwa la Makka lilikuwa Hubal. Hao watatu walikuwa na nyumba zao nje ya Makka, kila mmoja na watu wake, kila mmoja na bonde lake. Hata Makuraishi waliwaendea kwa safari.

Nimeona tuandike habari hii kwa urefu kwa sababu vijana wetu wa sekondari na wa iniversite wanarudi nyumbani na maswali mawili. La kwanza: wameambiwa kwamba jina Allah ni la kiume na al-Lat ni la kike, basi eti Waislamu walichukua mume wakamwacha mke. La pili linatoka upande mwingine. Kijana anasema: Mwalimu, kama Mungu, Nzambe na Imana ni majina ya Mmoja, kwa nini tusiseme kwamba miungu ya watu wa kale nao walikuwa kitu kimoja chenye majina mengi? Maswali haya si ya kumpigia mtu kelele. Ni ya kujibiwa, na huwezi kuyajibu kama huijui habari yenyewe. Kumwambia kijana "nyamaza, usiulize" ni kumtuma akaulize kwa mwingine.

WALIKUWA WAPI?

Kitabu kinachotusaidia zaidi kimeandikwa na Hisham bin al-Kalbi wa Kufa, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 3 ya Hijra. Kinaitwa Kitabul-Asnam, yaani kitabu cha masanamu. Yeye alikusanya habari za wazee wa makabila kabla hazijapotea.

Manata alikuwa Qudaid, upande wa bahari, katika njia ya kutoka Madina kwenda Makka. Ibn al-Kalbi anasema huyu ndiye wa zamani kuliko wenzake. Jina lake linafanana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya fungu la mtu na mauti yake, ndiyo maana wataalamu wanasema alikuwa mungu wa majaliwa. Aus na Khazraj, yaani hao hao waliokuja kuwa Ansari, ndio walikuwa watu wake. Katika Sahihi Bukhari Bibi Aisha (r.a.) anaeleza kwamba Ansari kabla ya Uislamu walikuwa wakihirimia kwa ajili ya Manata, na aliyehirimia kwake aliona vibaya kwenda baina ya Safa na Marwa. Walipokuwa Waislamu, ule uzito ukabaki moyoni, wakamuuliza Mtume (s.a.w.), ndipo ikashuka aya ya 158 ya Suratul-Baqara kuwaondolea shaka. Angalia basi: sanamu lilikuwa limekwisha acha kuabudiwa, lakini kivuli chake kilikuwa bado kinawasumbua watu wema kabisa.

Uzza alikuwa Nakhla, bonde lililo kati ya Makka na Taif, na wanasema alikuwa na miti mitatu ya migunga. Jina lake maana yake ni mwenye nguvu kabisa, kwa umbo la kike. Huyu ndiye Makuraishi walimpenda zaidi. Ami yake Mtume tunayemwita Abu Lahab, jina lake la kuzaliwa ni Abdul-Uzza, mtumwa wa Uzza. Na Bibi Khadija (r.a.), mama wa waumini, ni binti Khuwailid bin Asad bin Abdul-Uzza. Siku ya Uhud Abu Sufyan, kabla hajasilimu, alijigamba mbele ya Waislamu kwamba wao wanaye Uzza na Waislamu hawana. Usione haya kuyajua haya. Ukoo wa watu watukufu nao ulipita katika ujinga.

Lata yeye alikuwa Taif, mji wa juu milimani wenye baridi na zabibu, kwa kabila la Thaqif. Hakuwa sanamu la mtu. Alikuwa jiwe la pembe nne, wamelijengea nyumba, na bonde la hapo, bonde la Wajj, walilifanya haramu kama Makka ilivyo haramu. Walinzi wake walitoka katika Bani Attab bin Malik. Thaqif walikuwa na kitu cha kushindana na Makuraishi: nao wana nyumba, nao wana wageni, nao wana sadaka zinazoingia. Abraha alipopita na jeshi lake mwaka wa Tembo, wakubwa wa Thaqif walimtokea wakamwambia kwamba nyumba anayoitafuta siyo hii yao, iko Makka, hata wakampa mtu wa kumwonyesha njia. Hivyo ndivyo walivyomwokoa Lata wao, kwa kumwelekeza adui kwa jirani.

JINA LENYEWE

Wanachuoni wamelieleza jina Lata kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile iliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) katika Bukhari: palikuwa na mtu aliyekuwa akiwachanganyia mahujaji unga wa shayiri. Tendo hilo la kuchanganya kwa Kiarabu linaitwa latta, na wako waliosoma jina hilo kwa shada. Baadhi ya wafasiri wanaongeza kwamba mtu huyo alipokufa watu walikaa kwenye kaburi lake mpaka likawa mahali pa ibada. Njia ya pili ni ya wanalugha: al-Lat ni kifupi cha al-Ilahat, yaani mungu wa kike. Wataalamu wa leo wanaishika njia hii ya pili, kwa sababu maandishi ya kale yameonyesha jina hilo miaka elfu moja kabla ya Mtume, kama tutakavyoona.

Sasa kijana atasema: Mwalimu, umekubali mwenyewe! Ilah na ilahat, Allah na al-Lat, mzizi ni mmoja. Ndiyo, mzizi wa neno ni mmoja, sina sababu ya kuuficha. Ni mzizi wa Wasemiti wote. Waebrania wana El na Elohim, watu wa Babeli walisema ilu, Wakristo wa Siria kwa lugha yao ya kale wanasema Alaha, na Wakristo Waarabu mpaka leo wanapofungua Injili yao wanasoma Allah. Lakini undugu wa maneno siyo undugu wa wenye majina. Al-Malik ni katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, na neno letu malkia limetoka katika mzizi huo huo. Je, malkia wa nchi yoyote amekuwa mke wa Mungu kwa sababu ya herufi tatu? Tena waabudu masanamu wenyewe hawakusema Lata ni mke. Makuraishi walidai hao watatu ni mabinti, na katika aya zinazofuata Mwenyezi Mungu aliwakemea kwa hilo, kwamba wao wanataka wana wa kiume halafu wanamgawia Yeye wa kike. Baadhi ya watu hao hao walikuwa wakizika watoto wao wa kike wazima. Halafu wakasema Mungu ana mabinti!

LATA ALIVYOSAFIRI

Hapa ndipo pana utajiri, ndugu msomaji, naomba unisikilize polepole.

Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Nabii Isa (a.s.), alieleza desturi za Waarabu, akasema wana mungu wa kike wanayemwita Alilat. Kwa akili yake ya Kigiriki akamfananisha na Aphrodite wa mbinguni. Mahali pengine akasema watu wa Ashuru wanamwita Mylitta, na Waajemi wanamwita Mitra. Hapo mwisho alipotea, maana Mitra wa Waajemi alikuwa wa kiume. Lakini juu ya Waarabu alisikia vizuri, kwa kuwa ushahidi wa pili upo. Huko Misri, mashariki ya mikono ya mto Nili, mahali panapoitwa Tell el-Maskhuta, yalipatikana mabakuli ya fedha yenye maandishi ya Kiaramu. Bakuli moja linasema limetolewa na Qainu mwana wa Gashmu, mfalme wa Qedar, kwa ajili ya han-Ilat. Hiyo "han" ni kama "al" yetu ya Kiarabu. Qedar walikuwa Waarabu wa jangwani, na bakuli ni la mnamo mwaka 400 kabla ya Nabii Isa. Leo liko katika makumbusho ya Brooklyn, kule New York. Mfalme wa jangwani anampa Lata fedha ndani ya nchi ya Misri, karibu miaka elfu moja kabla ya kuzaliwa Mtume!

Baadaye wakaja Wanabati, Waarabu wafanya biashara wa Petra, ambao makaburi yao ya mwambani yako pia Hijr, kaskazini ya Madina. Walimjengea Lata nyumba katika bonde la Ram, kusini ya nchi ya Yordani ya leo, na nyingine Salkhad, kusini ya Siria. Pale Hijr makaburi yao yana maandishi ya laana: atakayeliuza kaburi hili au kumzika mgeni ndani, basi apatilizwe na Dushara na Manata. Manata ndiye huyo wa Qudaid. Walimpa kazi ya kulinda makaburi, kwa kuwa ni mambo ya mauti. Na Uzza naye walimpeleka mpaka ng'ambo ya bahari. Katika kisiwa cha Kos, cha Wagiriki, lilipatikana jiwe lenye lugha mbili, na mahali ambapo Kinabati kinasema Uzza, Kigiriki kinasema Aphrodite.

Kumbuka neno hilo. Kwa Herodotus, Aphrodite alikuwa Lata. Kwenye jiwe la Kos, Aphrodite ni Uzza.

Twende Tadmur, mji wa mitende katika jangwa la Siria, ambao Warumi waliuita Palmyra. Hapo Lata alikuwa na hekalu kubwa, na wachimbaji kutoka Poland walilifukua katika miaka ya 1970. Walikuta nini ndani? Sanamu la marumaru la mwanamke mwenye mavazi ya vita, kwa mfano wa Athena wa Wagiriki. Siyo Aphrodite, mungu wa mapenzi, bali Athena, mwanamwali wa vita na hekima. Na watu wa Tadmur hawakusema hivyo kwa mchezo. Malkia wao Zenobia, aliyepigana na Roma mpaka akashindwa na Kaisari Aurelian mwaka 272, alikuwa na mtoto wa kiume jina lake Wahballat, maana yake zawadi ya Lata, kama sisi tunavyosema Hibatullah. Kwa Kigiriki kijana huyo huyo aliandikwa Athenodoros, zawadi ya Athena.

Mashariki zaidi, katika mji wa Hatra nchini Irak, walimchonga amevaa kama Athena, amesimama juu ya simba, na wanawake wawili pembeni yake. Simba huyo si mgeni. Ni mnyama wa Ishtar.

Ishtar ndiye mkubwa wa jirani zote. Watu wa Sumeri, kusini ya Irak, walimwita Inanna, na mji wake ulikuwa Uruk. Wababeli na Waashuru walimwita Ishtar, wakampa mapenzi na vita kwa pamoja, na nyota ya Zuhura ikawa alama yake. Mfalme Nebukadneza alimjengea lango la matofali ya buluu pale Babeli katika karne ya 6 kabla ya Nabii Isa, na njia ya kuliendea ilipambwa kwa simba. Wajerumani waliyachukua matofali wakalisimamisha tena Berlin. (Zuhura, kama mnavyojua, tunawaita mabinti zetu, wala hakuna ubaya. Ni nyota, kiumbe cha Mwenyezi Mungu, na nyota haijui kwamba watu waliisujudia.)

Kwa Wafoinike wa Sidoni na Tiro jina hilo lilikuwa Ashtart, na wao, watu wa merikebu, walimtembeza bahari nzima. Mwaka 1964 huko Italia, mahali panapoitwa Pyrgi, zilifukuliwa karatasi tatu za dhahabu za mnamo mwaka 500 kabla ya Nabii Isa, zimeandikwa Kifoinike na lugha ya Waetruska. Kifoinike kinamtaja Ashtart, wenyeji wanamtaja Uni, ambaye Warumi walimwita Juno. Juno ni mke wa mkubwa wa miungu! Na ndugu zetu Wakristo wanaosoma kitabu cha Yeremia wanajua habari ya wanawake wa Yuda waliomfanyia mikate malkia wa mbinguni. Wataalamu wengi wanamwona huyo kuwa ndiye huyu huyu, au mwenzake. Kaskazini ya Siria, katika mji wa Manbij, walikuwa na Atargatis mwenye ziwa la samaki watakatifu. Hao sitawaeleza, tutachoka.

Lakini mmoja siwezi kumwacha. Nchi ya Yemen, kabla ya Uislamu, iliabudu Athtar. Jina ni lile lile la Ishtar na Ashtart, mzizi ule ule, na wengi wanasema hata nyota ni ile ile. Ila Athtar wa Yemen alikuwa mwanamume.

SASA TUPIME

Fikiri kama hakimu wa baraza la kijiji. Wanaletwa mashahidi kueleza habari za mtu mmoja. Wa kwanza anasema ni mama wa mapenzi. Wa pili anasema la, ni mwanamwali mwenye mkuki ambaye hajaolewa. Wa tatu anasema ni mke wa mfalme wa mbinguni. Wa nne anasema ni binti ya Mungu. Wa tano, kutoka Yemen, anasema ni mwanamume. Ukiwauliza nani kawaambia, kila mmoja anasema: tumewakuta baba zetu wanasema hivyo. Hakimu atafanya nini? Hatasema kwamba mashahidi wote wanamjua mtu mmoja kwa majina tofauti. Atasema hawa wanajua jina tu, na kila mmoja amelivika nguo alizokuwa nazo nyumbani kwake. Taifa la wapiganaji lilimvika ngao, mabaharia walimweka katika merikebu, na wenye makaburi walimpa ulinzi wa makaburi.

Na hii ndiyo maana ya aya ya 23 ya sura hiyo, inayowaambia washirikina kwamba hao siyo zaidi ya majina waliyoyapanga wao na wazazi wao, bila ya uthibitisho ulioteremshwa. Zamani tulikuwa tunafundishwa aya hii kama karipio tu. Mimi naiona pia kuwa ni taarifa ya kweli juu ya historia. Wagiriki, Wanabati na watu wa Tadmur walipobadilishana miungu kama watu wanaobadilisha franka kwa dola, walikuwa wanaonyesha wenyewe kwamba mkononi wana majina.

Kwa hiyo kijana wetu wa swali la pili nitamjibu hivi. Ni kweli Mswahili anasema Mungu, Mlingala anasema Nzambe, Mrundi anasema Imana. Wazee waliotuletea dini hii hawakulitupa neno Mungu. Walilichukua kama walivyolikuta, wakafundisha sifa: Mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, hana sura, hana mshirika. Neno la watu lilijazwa maana hiyo, na mtu akikosea maana anarekebishwa. Kwa Lata haikuwa hivyo. Hapakuwa na mafundisho ya kupimia. Jina lilipovuka mpaka likapewa sanamu jingine, kazi nyingine, hata mume, na hakuna aliyeweza kusimama akasema hapana, Lata hayuko hivyo. Nani angesema? Kwa dalili gani? Basi swali siyo wingi wa majina. Waulize wenye jina: mnajua nini juu Yake, na mmejuaje?

SIKU YA LATA

Uzza alivunjwa na Khalid bin Walid, aliyetumwa Nakhla baada ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8 H (630). Juu ya Manata wapokezi wanatofautiana: wengine wanasema Ali bin Abi Talib, wengine Saad bin Zaid. Habari ya Lata ndiyo yenye mafunzo, na Ibn Is-haq ameieleza vizuri.

Taif ilizingirwa mwaka huo wa 8 wala haikushindwa. Kisha mkubwa wao mmoja, Urwa bin Masud, alisilimu kwa hiari yake, akarudi kuwaita watu wake, na wao wakampiga mishale akafa. Mwaka wa 9 wakaona hawawezi kuishi peke yao katikati ya Waarabu waliosilimu. Wakatuma wajumbe Madina, wakiongozwa na Abd Yalil bin Amr.

Wajumbe hao walikuja na masharti. Waachiwe Lata miaka mitatu. Mtume (s.a.w.) akakataa. Wakashusha wakasema mwaka mmoja, akakataa, wakaendelea kushusha kama mtu anayepatana bei sokoni, mpaka wakaomba mwezi mmoja tu. Akakataa. Sababu yao haikuwa kwamba wao wenyewe bado wanamwamini. Waliogopa wajinga wao, wanawake na watoto, wasije wakatishwa kabla Uislamu haujaingia nyumbani. Wakaomba pia wasamehewe swala, na hilo likakataliwa kabisa. Mwisho wakaomba wasilazimishwe kulivunja jiwe kwa mikono yao wenyewe. Hilo wakakubaliwa.

Ona hekima hii. Katika tauhidi hapakuwa na siku hata moja ya kupunguza. Lakini katika uchungu wa moyo wa mtu, kuvunja kwa mkono wake kitu alichobebwa na mama yake kukiendea, hapo pana huruma.

Walitumwa Abu Sufyan na Mughira bin Shuba. Yule Abu Sufyan aliyejigamba kwa Uzza siku ya Uhud sasa anakwenda kumvunja mwenzake Uzza! Mughira alikuwa Mthaqif, mtoto wa nyumbani, na ndiye aliyepanda na sururu. Ukoo wake ukamzunguka ukimlinda, wakiogopa asipigwe mshale kama Urwa. Wanawake wa Thaqif wakatoka vichwa wazi, wanalia. Mughira akapiga, jiwe likavunjika, wala mbingu hazikuanguka. Hazina ya Lata, dhahabu na vito, ikatolewa nje. Mtoto wa Urwa akaomba deni la baba yake lilipwe kutoka humo, Mtume akakubali. Akasimama mtoto wa Aswad, ndugu yake Urwa, naye akaomba la baba yake. Mtume akasema Aswad alikufa mshirikina. Kijana akajibu kwamba deni sasa liko juu ya shingo yake yeye, na yeye ni Mwislamu. Likalipwa. Mali iliyokusanywa kwa jina tupu ikawarudishia watu haki zao. Ibn al-Kalbi anasema mahali pa jiwe ni pale penye mnara wa kushoto wa msikiti wa Taif.

NA SIMBA WA TADMUR

Limebaki jambo moja, na nalileta kwa sababu wako vijana waliolishangilia.

Mwaka 1977 wale wachimbaji wa Tadmur walikuta mawe ya simba mkubwa aliyekuwa mlangoni pa hekalu la Lata. Walipomuunganisha alifika urefu wa mita tatu na nusu, uzito karibu tani 15. Katikati ya miguu yake ya mbele amelala paa, wala simba hamli, anamlinda. Kwenye mguu wake pana maandishi, kwamba Lata atambariki yeyote asiyemwaga damu katika mahali pale. Mei 2015 kundi lililojiita Dola ya Kiislamu liliuteka mji, na mwezi uliofuata wakamvunja simba, wakidai wanamfuata Mtume.

Nani alikuwa anamwabudu simba huyo? Hekalu lilifungwa zamani za Warumi. Khalid bin Walid, mkono ule ule uliovunja Uzza, alipita Tadmur mwaka 634 akielekea Sham, akafanya mapatano na wenyeji. Waislamu waliishi mji huo karne zote zilizofuata, na hekalu la Bel, mungu mkubwa wa mji, waliligeuza msikiti wakaswali ndani ya kuta zake miaka mamia. Masahaba waliingia Misri wakaikuta imejaa mawe ya Firauni, na mawe hayo mtu anaweza kuyaona hadi leo. Mughira alipiga jiwe ambalo watu walikuwa wanalilia, kwa ruhusa ya wajumbe wa mji, na katika habari yake hakuna mtu aliyechinjwa siku hiyo. Asiyeona tofauti hapo hajasoma sira.

Agosti 2015, katika mji huo huo, kundi hilo lilimuua Khaled al-Asaad, Mwislamu, mzee aliyepita miaka 80, ambaye alikuwa ameyatunza magofu ya Tadmur maisha yake yote. Machi 2016 wakafukuzwa. Simba alikusanywa vipande, akatengenezwa, na mwaka 2017 akawekwa katika makumbusho ya Dameski.

Ijumaa ijayo, inshallah, tutaendelea na Suratun-Najm kuanzia aya ya 24. Wenye maswali juu ya somo hili wayaandike kwenye karatasi wampe katibu wa msikiti kabla ya Jumatano. Karatasi hii ina majina matukufu, usiitupe njiani. Wabillahi tawfiq.